Protini Asilimia 18 Lakini Vifaranga Hawakui: Tuongee Kuhusu Laisini

 

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno tangu bei ya chakula cha kiwandani ipande na wengi wenu muanze kuchanganya wenyewe. Linakuja hivi: "Afisa, nimepiga hesabu vizuri, protini imefika 18, maji safi, chanjo nimetoa, minyoo hakuna. Mbona vifaranga wa chotara wamedumaa? Wiki ya sita wanaonekana kama wa wiki ya nne, halafu wengine wakubwa wengine wadogo."

Mara nyingi nikiomba nione mchanganuo wa chakula nakuta kitu kimoja: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti mengi sana, na dagaa kidogo. Hesabu ya protini iko sawa kabisa, hakukosea kujumlisha. Shida ni kwamba anajumlisha kitu ambacho kuku hakitumii kama kitu kimoja. Leo nataka tuingie ndani ya hiyo protini, tuangalie kiungo kimoja kinachoitwa laisini, kwa sababu kwa vyakula vyetu vya hapa kwetu ndicho kinachopungua mara nyingi kuliko vingine. Shika daftari na kalamu, maana kuna hesabu.

PROTINI NI MKUSANYIKO WA VITU

Protini zote, iwe ya nyama, yai, manyoya au maharage, zimejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Viko aina 20. Kuku akila chakula, tumbo na utumbo vinavunja protini ya chakula mpaka vipande hivyo vidogo, vinaingia kwenye damu, halafu mwili unavipanga upya kutengeneza protini yake: msuli wa kidari, unyoya, vimeng'enya, yai.

Baadhi ya asidi amino mwili wa kuku unaweza kuzitengeneza wenyewe kutoka kwenye nyingine. Lakini zipo ambazo hauwezi kabisa, lazima ziletwe na chakula. Hizo ndizo tunaziita asidi amino za lazima. Laisini ni mojawapo. Nyingine ambazo utazisikia sana kwenye chakula cha kuku ni methionini, threonini na triptofani.

Sasa kwa nini moja tu ikipungua inaleta shida, wakati nyingine zipo tele? Fikiria fundi anayeunganisha baiskeli. Ana fremu 100, usukani 100, magurudumu 200, lakini minyororo 86. Ataunganisha baiskeli 86, basi. Zile fremu 14 zilizobaki haziwezi kuwa minyororo. Na hapa kuku ana tatizo ambalo fundi hana: yeye hana stoo. Asidi amino zilizobaki bila mwenzake hazisubiri kesho. Mwili unazivunja, sehemu moja inachomwa kama nishati au inageuzwa mafuta, na ile naitrojeni iliyokuwemo inatolewa kwenye kinyesi kama asidi ya yuriki.

Ndiyo maana banda la kuku wanaokula protini nyingi isiyokuwa na uwiano mzuri mara nyingi huwa na harufu kali ya amonia inayochoma macho. Ile harufu, kijana wangu, ni hela yako. Umenunua protini, kuku akashindwa kuitumia, akaimwaga kwenye maranda, na sasa inawachoma mapafu.

LAISINI INAFANYA KAZI GANI HASA?

Sehemu kubwa ya laisini anayokula kuku inakwenda kwenye kazi moja: kujenga protini ya mwili. Nyama, hasa kidari, ina laisini nyingi. Ndiyo maana kuku wa nyama akikosa laisini, kidari ndicho kinachoumia mapema: kuku anakuwa na miguu na mifupa lakini ukimshika kifuani unaona mfupa umechongoka. Laisini pia inahusika kuunganisha nyuzi za kolajeni, ile protini inayoshikilia mifupa, ngozi na mishipa. Na mwili unaitumia kutengeneza kanitini, ambayo inasaidia kuchoma mafuta.

Kwa kuku wa mayai hesabu ni rahisi kuiona. Yai moja la kawaida lina takriban gramu 6 za protini, na ndani yake kuna laisini karibu miligramu 450. Tetea akitaga leo, hizo miligramu 450 zimetoka kwenye mwili wake zikaenda kwenye trei. Zisiporudishwa na chakula, atachukua kidogo kwenye msuli wake, kisha mayai yatakuwa madogo, na mwisho atapunguza kutaga. Hawezi kutaga yai lenye upungufu wa laisini, hiyo protini haijengeki hivyo. Anachoweza ni kutaga dogo au kuacha.

Watengenezaji wa chakula cha mifugo wameifanya laisini kuwa kipimo cha wenzake. Wanaipa laisini 100, kisha wanasema methionini ikijumlishwa na sistini iwe karibu 75, threonini iwe karibu 65, na kadhalika. Kwa hiyo ukijua laisini ya chakula chako, umeshika kamba ya mbuzi wote.

MAHINDI YANA SHIDA INAYOJULIKANA TANGU ZAMANI

Hili la mahindi si jipya. Mwaka 1914 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, walichapisha majaribio ya panya waliolishwa zeini, ambayo ndiyo protini kuu ya mahindi. Panya wale walikuwa wanapata protini ya kutosha kwa kupima, lakini walikonda. Wakaongezewa triptofani, wakaacha kukonda lakini hawakukua. Walipoongezewa na laisini juu yake, wakaanza kukua. Protini kwenye sahani ilikuwepo muda wote, kilichokosekana ni vipande viwili tu.

Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani walitangaza kwamba wamegundua aina ya mahindi yenye laisini na triptofani nyingi zaidi ya kawaida. Baadaye wataalamu Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa kituo cha CIMMYT kule Mexico waliyaboresha mpaka yakawa mahindi ambayo mkulima anaweza kuyalima kibiashara, na mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kwetu Tanzania mbegu za ukoo huo ndizo zile zinazoitwa Lishe, kama Lishe K1 na Lishe H1. Zikipatikana, ni nzuri kwa familia na kwa mifugo. Ila usidhani zinamaliza kazi. Nitakuonyesha kwenye hesabu.

Na mabibi zetu walilijua hili bila maabara. Makande, ugali na maharage, wali na choroko: nafaka ina laisini kidogo lakini ina methionini ya kutosha, jamii ya kunde ina laisini nyingi lakini methionini kidogo. Kila mmoja anafunika pengo la mwenzake. Tunachotaka kufanya kwenye banda ni makande ya kuku, si zaidi.

KILA MALIGHAFI INABEBA NINI

Hizi hapa ni namba za kufanyia kazi, kwa kilo moja ya malighafi. Ni wastani. Alizeti iliyokamuliwa na maganda yote itakuwa chini, iliyoondolewa maganda itakuwa juu.

Mahindi: protini gramu 85, laisini gramu 2.6
Pumba za mahindi: protini gramu 100, laisini gramu 4
Mashudu ya alizeti: protini gramu 280, laisini gramu 10
Soya nzima iliyokaangwa vizuri: protini gramu 370, laisini gramu 23
Mashudu ya soya: protini gramu 440, laisini gramu 27
Dagaa safi wasio na mchanga: protini gramu 550, laisini gramu 42
Damu iliyokaushwa vizuri: protini zaidi ya gramu 800, laisini gramu 70 au zaidi

Angalia alizeti na soya. Kwa protini, soya inaizidi alizeti kama mara moja na nusu hivi. Kwa laisini, inaizidi mara karibu tatu. Hapo ndipo hesabu ya "protini tu" inapokupiga chenga. Mashudu ya ufuta nayo ni hivyohivyo: protini nyingi, methionini nzuri, laisini kidogo. Mashudu ya pamba yana laisini kiasi kuliko alizeti, lakini yana sumu inayoitwa gosipoli, ambayo pia inaifunga laisini kuku asiipate. Damu ina laisini nyingi sana, lakini ina upungufu mkubwa wa asidi amino nyingine iitwayo isolusini, na kuku hawaipendi ikizidi. Weka kidogo, kilo 2 hadi 3 kwenye 100.

Na azola? Najua mtaniuliza, maana video zake ni nyingi mtandaoni. Azola ni nzuri, lakini ikiwa mbichi zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kifaranga akijaza tumbo kwa azola mbichi amekunywa maji. Mpe kama mboga, usiihesabu kama mashudu.

SASA HESABU YENYEWE

Tuchukue chakula cha vifaranga wanaokua, wiki ya 0 hadi 6, kilo 100. Kiwango cha chini kilichowekwa na Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani mwaka 1994 kwa vifaranga wa aina ya mayai ni protini asilimia 18 na laisini asilimia 0.85. Maana yake kwenye kilo 100 za chakula unataka laisini gramu 850. Chotara anakua haraka kuliko kifaranga wa mayai, kwa hiyo ichukue kama sakafu, usiende chini ya hapo.

Mchanganyiko wa kwanza, ule ninaoukuta sana mabandani:

Mahindi kilo 40
Pumba kilo 10
Mashudu ya alizeti kilo 42
Dagaa kilo 4
Madini, chokaa, chumvi na premiksi kilo 4

Protini: mahindi 3,400, pumba 1,000, alizeti 11,760, dagaa 2,200. Jumla gramu 18,360, yaani asilimia 18.4. Safi.

Laisini: mahindi 104, pumba 40, alizeti 420, dagaa 168. Jumla gramu 732.

Tunataka 850, tumepata 732. Ni asilimia 86 ya mahitaji. Unaikumbuka ile minyororo 86?

Mchanganyiko wa pili:

Mahindi kilo 55
Pumba kilo 8
Mashudu ya alizeti kilo 15
Mashudu ya soya kilo 14
Dagaa kilo 4
Madini, chokaa, chumvi na premiksi kilo 4

Protini: 4,675, 800, 4,200, 6,160, 2,200. Jumla gramu 18,035, asilimia 18.0.

Laisini: mahindi 143, pumba 32, alizeti 150, soya 378, dagaa 168. Jumla gramu 871.

Umeona? Mchanganyiko wa pili una protini kidogo kuliko wa kwanza, lakini laisini imevuka mahitaji. Na kwa sababu tumetoa alizeti kilo 27, tumepata nafasi ya kuongeza mahindi kilo 15, kwa hiyo nishati imepanda na nyuzinyuzi za maganda zimeshuka. Kifaranga ana tumbo dogo, hawezi kula maganda mengi akakua. Alizeti kidogo tumeibakiza makusudi, maana inaleta methionini ambayo soya haina ya kutosha. Hiyo ndiyo makande niliyosema.

Je, mahindi Lishe yangeokoa mchanganyiko wa kwanza? Hata tukisema laisini yake ni mara mbili ya mahindi ya kawaida, kwenye kilo 40 tunaongeza gramu 104. Jumla 836. Tumekaribia, hatujafika. Kwa hiyo yanasaidia lakini hayabebi mzigo peke yake.

"LAKINI AFISA, SOYA NI GHALI"

Ni kweli, na mfanyabiashara lazima aulize hivyo. Ila usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Linganisha bei ya kile unachokitafuta.

Gawa bei ya kilo kwa gramu za laisini zilizomo. Nitumie namba za kujifunzia tu, wewe weka bei ya soko lako. Tuseme alizeti ni shilingi 800 kwa kilo: gawa kwa 10, kila gramu ya laisini imekugharimu shilingi 80. Tuseme mashudu ya soya ni shilingi 1,900: gawa kwa 27, unapata kama shilingi 70. Tuseme dagaa ni shilingi 2,700: gawa kwa 42, unapata kama shilingi 64. Ghafla kile "cha bei nafuu" ndicho ghali. Siku nyingine bei za soko zitageuka na alizeti itashinda, hasa ukiwa Singida au Dodoma karibu na viwanda vya kukamua. Kwa hiyo fanya hesabu kila unapokwenda kununua, usikariri.

Na kuna gharama ya pili ambayo haiandikwi kwenye risiti: nafasi. Mchanganyiko una kilo 100 tu. Kilo 42 za alizeti zimekaa kwenye viti ambavyo vingekaliwa na mahindi. Chakula kinakuwa kingi, kuku wanakula sana, mifuko inaisha, uzito hausogei. Ukitaka kujua faida yako, gawa kilo za chakula ulichotumia kwa kilo za uzito ulizopata. Namba hiyo ikipanda, bei nafuu ya mfuko haikusaidii kitu.

NAMBA YA PROTINI INAVYOWEZA KUKUDANGANYA

Kwenye maabara, kile kinachoitwa protini ghafi hakipimwi protini yenyewe. Inapimwa naitrojeni, kisha inazidishwa kwa 6.25. Maana yake chochote chenye naitrojeni kitasomeka kama protini. Mbolea ya urea ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha kwa 6.25: kilo moja ya urea inasomeka kama kilo 2.87 za protini, na haina laisini hata chembe. Kuku hawezi kuitumia kabisa. Huko China mwaka 2008 walichakachua maziwa kwa melamini kwa ujanja huohuo, na watoto wakafa. Kwa hiyo ukiletewa mashudu au unga wa samaki wenye protini ya ajabu kwa bei ya ajabu, jiulize maswali.

Dagaa nao wana ujanja wao: mchanga. Njia rahisi ya kupima: weka kiganja cha dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika chache. Mchanga utakaa chini. Ukiona robo ya kilichomo ni mchanga, basi na laisini yako imepungua robo, na ile hesabu yetu ya gramu 168 imekufa. Ukinunua kwa tani, peleka sampuli maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari, yaani TVLA, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanapima vyakula vya mifugo. Gharama ya kipimo kimoja ni ndogo kuliko kulisha kuku 1,000 mchanga kwa wiki sita.

MOTO UNAWEZA KUIUA LAISINI

Hapa wengi mnaoikaanga soya wenyewe nisikilizeni vizuri. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tumbo kisivunje protini, kwa hiyo mbichi haifai kwa kuku, lazima ipate moto. Lakini moto ukizidi, laisini inajifunga na sukari iliyomo kwenye mbegu. Ndiyo ule weusi na ile harufu ya kuungua. Laisini iliyofungwa hivyo bado ipo, maabara wakipima protini ghafi wataiona ileile, lakini utumbo wa kuku hauwezi kuifungua. Inapita moja kwa moja mpaka kwenye maranda.

Kwa hiyo kaanga moto wa wastani, geuza muda wote, simamisha ikiwa rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia hafifu. Vunja mbegu uonje: ladha ya ubichi iwe imeisha, ndani isiwe ya kijani wala nyeusi. Kikaango kikitoa moshi umeshapitiliza. Damu ni hivyohivyo: ikiunguzwa wakati wa kukausha, ile laisini nyingi tunayoisifia haimfikii kuku.

VIPI KUHUSU UNGA WA LAISINI WA DUKANI?

Kwenye maduka ya pembejeo utaona unga wa mfuko umeandikwa "L-Lysine HCl". Ni kitu halali, si dawa wala homoni. Unatengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria, teknolojia iliyoanzia Japani miaka ya 1950. Biashara yake duniani ni kubwa kiasi kwamba mwaka 1996 kampuni ya Marekani ya ADM ilikubali kulipa faini ya dola milioni 100 kwa kula njama na washindani wake kupanga bei ya laisini na asidi ya sitriki.

Unga huo una laisini halisi karibu asilimia 78. Tufanye hesabu ya mchanganyiko wa kwanza: tulipungukiwa gramu 118. Gawa kwa 0.78, unahitaji gramu 151 za unga kwenye kilo 100 za chakula. Ni kidogo, na mara nyingi kwa kila gramu ni nafuu kuliko mashudu yoyote.

Lakini sikiliza masharti manne. Moja, unga huu unaziba pengo la laisini tu. Hauondoi maganda ya alizeti wala hauongezi nishati, kwa hiyo mchanganyiko wa kwanza utaboreka ila hautafanana na wa pili. Mbili, usiumwage moja kwa moja kwenye mashine. Gramu 151 zitapotea kwenye kona moja. Changanya kwanza na kilo 2 au 3 za unga wa mahindi kwa mkono, halafu ndiyo uingize. Tatu, usizidishe ukidhani zaidi ni bora. Laisini ikizidi sana inagombana na asidi amino nyingine, ajinini, na ukuaji unarudi nyuma. Pima kwa mizani ya gramu, si kwa kifuniko cha chupa. Nne, funga mfuko vizuri, unavuta unyevu.

WENYE NGURUWE, SAMAKI NA NG'OMBE

Nguruwe: kwa lishe ya mahindi na pumba, laisini ndiyo inayopungua ya kwanza. Yote niliyosema yanakuhusu, pengine kuliko hata mwenye kuku.

Sato na kambale: nao hawawezi kuitengeneza. Bwawa lenye rangi nzuri ya kijani linasaidia samaki wachache, lakini ukifuga wengi kwenye vizimba au matenki, laisini yote inatoka mkononi mwako.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo: hawa ni habari nyingine. Tumbo lao kubwa lina vijidudu vinavyotengeneza asidi amino zote, hata kutoka kwenye majani makavu, na mnyama anakuja kuwameng'enya vijidudu wenyewe. Ukimpa ng'ombe wa kawaida unga wa laisini wa kuku, vijidudu watauvunja kabla haujafika popote. Usipoteze hela.

JARIBU MWENYEWE KABLA HUJAAMINI

Dalili za upungufu wa laisini peke yake si rahisi kuzitofautisha. Kudumaa, kundi kutolingana, manyoya kuchelewa, kidari chembamba, mayai madogo, mafuta mengi tumboni wakati nyama ni kidogo. Kokisidia, minyoo, joto na msongamano vinaweza kuleta nyingi kati ya hizo. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha chakula kabla hujaondoa hayo mengine.

Ukishayaondoa, fanya jaribio dogo. Chukua vifaranga 40 wa siku moja, chanzo kimoja. Wagawe 20 na 20 bila kuchagua, vyumba viwili vinavyolingana joto, nafasi na maji. Kundi la kwanza mpe chakula chako cha sasa, la pili mpe kilichorekebishwa. Pima chakula unachoweka na kinachobaki. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kula, pima uzito wa wote 20, andika. Wiki ya sita utakuwa na namba za banda lako mwenyewe, kwa malighafi za soko lako, na hakuna muuza chakula atakayekuzungusha.

Kwa wale wa kuku wa mayai, anzia hapa: kiwango cha chini cha kitabu kile cha 1994 ni laisini miligramu 690 kwa tetea kwa siku, na miongozo ya mbegu za kisasa inataka zaidi. Akila gramu 110 kwa siku, chakula chako kisipungue asilimia 0.63. Chukua mchanganuo wako, zidisha kilo kwa zile namba za juu, jumlisha. Dakika kumi tu.

Ukipata jumla yako na huna uhakika nayo, niandikie hapa chini: kilo za kila malighafi, umri wa kuku, na idadi yao. Usiniandikie "protini imefika 18". Niambie gramu za laisini, tuanzie hapo.

Kazi njema, na maranda yakilowa yabadilishe leo, usisubiri Jumamosi.